Mpelelezi Hapokei Kitu

Theluji ilianguka Kabondo, mtaa wetu wa Kisangani, mara moja tu, Jumamosi moja alasiri, na mimi nilikuwepo. Ilianguka ndani ya sali, ukumbi wa parokia, chini ya mabati yaliyochemka, juu ya majambazi waliovaa vikwembe, vile vitenge vya wake zao. Ilikuwa sufi, ile pamba laini ya mti wa msufi. Mama mmoja wa kwaya alipanda ngazi na kikapu, akawa anaimwaga kidogo kidogo, na sufi, kwa kuwa haina haraka ya kwenda popote, ilikaa hewani muda mrefu kabla ya kushuka. Watu walipiga chafya. Hata sasa nikifunga macho mchana, nikiwa nimechoka na kelele za wanafunzi, kitu cha kwanza ninachoona ni ile sufi inaelea kwenye mwanga wa matundu ya ukuta, na baba yangu amesimama katikati yake, anatazama upande wangu.

Afadhali niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Ninafundisha darasa la nne, na mtaa mzima unajua sauti yangu inavuka avenyu mbili. Nikikasirika mdomo unatangulia, mimi ninafuata nyuma nikiokota. Mume wangu husema ninapika kwa hasira na chakula kinaiva upesi. Acheni acheke, lakini bila hasira hiyo asingenioa, na yeye mwenyewe hajui.

Mchezo ulikuwa wa Kijapani. Ulitufikia kwa njia ya ajabu, ndani ya sanduku la vitabu vikuukuu ambavyo shule moja ya mtaani ilipewa msaada. Mwalimu mstaafu wa Kifaransa, ambaye sisi wote tulimwita Prof, alikuta humo fotokopi ya tamthilia iliyogeuzwa kutoka Kijapani kwenda Kifaransa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Prof hakujali. Msimu mzima wa mvua alikaa barazani kwake akiigeuza kwa Kiswahili chetu, katika daftari la miraba, na akatuambia mwisho utajulikana tukifika.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mkubwa wa majambazi amechoka na ujambazi, basi anavaa koti la mpelelezi ili ajifiche. Mpelelezi anayemsaka naye anavaa nguo za jambazi ili amsogelee. Watu wa kila upande wanawaiga wakubwa wao, na ikifika sehemu ya pili majambazi wote wamekuwa wapelelezi na wapelelezi wote majambazi, wamejazana ndani ya mgahawa mdogo siku ya theluji, kila mmoja anangojea kumkamata mtu ambaye hayupo. Hata neno la siri wanalo moja, kwa sababu kila upande umeliiba kwa mwenzake. Mmoja anauliza, “Supu imepoa?” na mwingine anajibu, “Bado.” Basi mgahawa mzima wanaulizana habari za supu, na hakuna anayekunywa.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya jukwaa, nyuma ya pazia la vikwembe, na daftari mapajani, nimnong’oneze anayesahau maneno yake. Prof alinichagua kwa sababu ya sauti. Kunong’ona kwangu, alisema, ni kusema kwa watu wengine.

Na mimi nilikuwa na jambo langu.

Baba yangu, papa, alikuwa inspekta wa polisi kwa miaka mingi. Alipostaafu alikaa kwenye paseli yetu, kiwanja cha nyumba, na redio yake, akawa anawakemea kuku. Mdogo wake, tonton wangu, ni mfanyabiashara wa pikipiki: anapeleka chumvi na sabuni Bafwasende, anarudi na samaki wakavu na habari za uongo. Ni mtu wa maneno mengi, akinyamaza unadhani anaumwa. Hawa wawili walinyonya ziwa moja, na kwa miaka kumi na mmoja hawakusemezana hata salamu. Wakikutana njiani, tonton alikuwa anahamia upande wa pili wa barabara, na papa anatazama juu, utafikiri anakagua nyaya za umeme.

Sababu ilikuwa ndogo kwa ukubwa. Tonton alirudi siku moja kutoka Bafwasende na kipande cha dhahabu kisicho na karatasi, kidogo kama punje ya mchele. Wenzake papa walikuwa tayari kufumba macho, kwa heshima ya mkubwa wao. Papa alikataa. Alisema sheria haimjui mdogo wake, akamfungia yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akatia ufunguo mfukoni. Siku nne. Katika siku hizo nne koko, mama yao, ambaye alikuwa na homa tu, alizidiwa akafa. Tonton alipotoka alikuta tumeshafukia kaburi.

Lakini kuna kitu tonton hakukijua, na mimi nilikijua. Nilikuwa msichana wa shule wakati ule, nimekaa kando ya mkeka wa koko nikimpepea. Siku yake ya mwisho, tangu asubuhi mpaka jua linageuka, koko alikuwa anamwita tonton. Hakumwita kwa jina la ubatizo. Alimwita kwa lile jina la utotoni, ambalo ni yeye peke yake aliyelitumia. Papa alikuwa amekaa mlangoni, amevaa sare. Nilimwona akiingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu, akauingiza tena. Hakusimama. Sikuwahi kumwambia mtu, na papa naye hakusema, na tuliishi nyumba moja na jambo hilo kama na mgeni asiyeondoka.

Bon. Nilipata mchumba, fundi wa redio kutoka Banalia, mtu mvumilivu, si kama mimi. Kwetu binti haolewi kwa mdomo wa baba yake. Anayesema na wakwe ni baba mdogo: anakaa kiti cha mkono wa kulia, na ni yeye anayetamka “tumepokea.” Asipokuwepo, hakuna kilichopokewa. Tonton alinipenda. Aliniambia angeuza hata pikipiki kwa ajili yangu, lakini kukaa safu moja ya viti na mtu yule, hapana. Papa akasema hawezi kumbembeleza mtu. Wakwe walikuja kutoka Banalia mara mbili, wakarudi mara mbili na mbuzi wao. Mama wa mchumba wangu alimwambia mwanawe kwamba mara ya tatu itakuwa ya mwisho, na kwamba Banalia pia kuna wasichana.

Nililia siku moja. Siku ya pili nilikasirika, na siku ya tatu nikaenda kwa Prof.

Nilimwomba awachukue wote wawili, bila kumwambia yeyote kati yao habari za mwenzake. Prof alicheka mpaka akavua miwani. Kwa papa alienda na hoja kwamba Mkubwa wa majambazi ni mtu ambaye hacheki kamwe, na mtu wa namna hiyo Kisangani nzima ni mmoja. Papa alifikiri siku mbili, akakubali. Nadhani alikuwa amechoka na wale kuku. Kwa tonton haikuwa kazi. Alipoambiwa atakuwa mpelelezi mkuu, aliuliza tu kama kuna kofia.

Majambazi walifanya mazoezi Jumanne, wapelelezi Alhamisi. Wiki sita hivyo. Jumamosi ya wiki ya saba Prof alituita wote pamoja, na papa alipoingia sali akamkuta tonton juu ya benchi, anaonyesha watu jinsi mpelelezi anavyopiga hatua. Papa alichukua kofia yake mezani, akaivaa, akageuka kuelekea mlango. Mimi nyuma ya pazia nilijua kwamba nimejimaliza.

Ni tonton aliyezuia. Hakumtazama papa; alimtazama Prof.

“Prof, mimi nitasema na Mukubwa wa majambazi,” akasema. “Na ule mutu, hapana.”

Papa alikaa na kofia kichwani muda mrefu. Kisha akaivua. Mazoezi yakaendelea.

Sijui nieleze vipi miezi miwili iliyofuata. Ilikuwa kama kuishi ndani ya usingizi wa mchana, ule ambao unasikia watu wakiongea uani na huwezi kuamka uwajibu. Kila Jumamosi baba yangu na mdogo wake walikutana ndani ya sali ile na kusema maneno ya watu wa Japani. Nje ya mchezo, kimya. Tonton akihitaji kitu alinituma mimi: mwambie Mkubwa asogee, ananikanyaga. Lakini Prof akipiga makofi ya kuanza, tonton alikuwa anamgeukia papa na kumuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama supu imepoa, na papa anamjibu, bado. Daftari lilikuwa mapajani mwangu na sikuwa ninalisoma. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kusikia mmoja akimuuliza mwenzake habari za chakula.

Na kwa kuwa kila mmoja alivaa nguo za upande mwingine, ikifika sehemu ya pili mambo yalikuwa yamejirudia yenyewe. Papa, jambazi, alikuwa ndani ya koti la mpelelezi. Tonton, mpelelezi, alikuwa amevaa kikwembe cha bluu kama kanzu, kifua wazi, amechorwa mkaa na mafuta ya mawese, mamba upande mmoja na maua upande mwingine. Donc, mmoja amerudi kuwa polisi na mwingine amerudi kuwa mhalifu. Prof hakulipanga hilo, wala mimi.

Tukafika kwenye sehemu ya kidole. Katika tamthilia, Mkubwa anatambuliwa na mpelelezi, ambaye walicheza pamoja utotoni, na anaomba msamaha kama majambazi wa kule wanavyoomba: anajikata kidole kidogo, anakifunga kwenye kitambaa cheupe, anampa. Mpelelezi anaogopa, anakikataa mara tatu, na kidole kinazunguka mgahawa mzima mkono kwa mkono, hakuna anayetaka kukishika. Prof alisema Wajapani wanacheka hapo mpaka wanaanguka. Mama wa kwaya hakucheka. Alitaka kujua mtu anayekupa kidole chake anaomba msamaha au anakuloga. Wenzake wakamuunga mkono. Mjadala ulichukua mazoezi mawili, na mwishowe Prof akakubali kwamba kwa Kabondo kidole hakitapita. Mtu akiomba msamaha kwetu, analeta jogoo.

Hivyo kidole kikawa jogoo. Kila mtu anajua jogoo anavyokwenda: unamshika miguu, unamtoa mbele ya watu, unasema kosa lako. Mwenzako akipokea mkononi, kesi imekufa, na atakayeifufua ataona haya mbele ya ukoo wote. Mara tatu za kukataa Prof hakuzigusa, na akamwandikia tonton neno jipya la kuchekesha, “Mpelelezi hapokei kitu!” Mnaweza kufikiria, kwetu ambako polisi hupokea kila kitu. Kwenye mazoezi tulitumia kikwembe kilichokunjwa, tukakiita jogoo. Papa alikitoa, tonton alikirudisha, watu walicheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri itakuwaje siku ya jogoo mwenyewe.

Siku ya mchezo sali ilijaa mpaka madirishani. Wanafunzi wangu walikuja na wazazi wao, na waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, waliziegemeza nje wakaingia na mito ya viti vyake, maana mto ukiachwa nje huibiwa. Tantine, dada wa papa na tonton, alikaa mstari wa mbele. Yeye ndiye aliyetoa jogoo, mwekundu, mzito, mwenye macho ya kudharau watu. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Sehemu ya pili ikafunguka na sufi ikaanza kuanguka, na sali nzima ikatoa pumzi moja ndefu. Mzee mmoja aliinyooshea kiganja. Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa, na bado niliwaona watu wakijifunika mabega.

Papa akatokea na jogoo.

Alivuka jukwaa polepole, koti limejaa sufi. Jogoo alikuwa kimya. Akafika mbele ya tonton, akainua mkono kidogo, kama tulivyozoea. Alitakiwa kusema mstari wake mrefu, ule ambao Prof aliupenda kuliko yote. Hakusema kitu.

Nilimpa neno la kwanza. Bwana mpelelezi, nikanong’ona, mkono huu. Papa aligeuza macho upande wangu, ananitazama kupitia upenyo wa pazia, na mdomo wake haukufunguka. Nikarudia. Nikarudia kwa sauti ambayo mstari wa mbele waliisikia, maana tantine aligeuka. Bado. Ananitazama tu, jogoo mkononi, na sufi inatua kwenye nyusi zake, na mimi nikaona sare, nikaona mlango, nikaona ule mkono unaingia mfukoni na kutoka mtupu. Nikaona mbuzi wakirudi Banalia. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nililifunga daftari.

“Mama alikuita siku muzima,” nikamnong’oneza. “Mimi nilikuwa na ufunguo. Sikusimama.”

Uso wa papa haukushtuka. Alimgeukia mdogo wake, akasema vile vile, kwa sauti ile ya kutolea ripoti:

“Mama alikuita siku muzima. Mimi nilikuwa na ufunguo. Sikusimama.”

Tonton alikuwa ameshafungua mdomo, mazoezi yamemzoeza. “Mpelelezi hapokei kitu,” akasema. Hakuna aliyecheka. Alipolisikia neno lake mwenyewe likianguka hivyo, alibaki amesimama na mamba wake wa mkaa anapanda na kushuka kifuani. Papa hakuuteremsha mkono. Jogoo mzito namna ile, na hakuuteremsha.

Kisha tonton akauliza, karibu nisisikie: “Aliniita namna gani?”

Papa akalitamka. Lile jina la utotoni, la koko peke yake. Sitaliandika. Kutoka kinywani mwa mwanaume mzima, mwenye koti, lilikuwa dogo mno, na tantine kule mbele alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Tonton alimpokea jogoo. Alimchukua kwa mikono miwili, akamweka kwapani.

“Yaya,” akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, “twende.”

Wakashuka jukwaani. Walipita katikati ya benchi, watu wakiwapisha, wakatoka mlango mkubwa. Majambazi na wapelelezi walibaki wanatazamana ndani ya mgahawa wao. Mmoja alijaribu kuuliza kama supu imepoa, hakujibiwa. Juu ya ngazi mama wa kwaya, ambaye hakuambiwa aache, aliendelea kumwaga theluji. Prof alisimama na daftari lake, akatazama mlango, akakaa. Mwisho wa mchezo ule hatukuufikia, na mpaka leo sijui jambazi wa kweli alikuwa nani.

Nje kulikuwa na kichekesho kingine. Walioona kutoka barabarani waliona mtu mwenye michoro kifuani anakwenda mbio na jogoo kwapani, na nyuma yake inspekta mstaafu ambaye kila mtu anamfahamu, ndani ya koti zito, anapumua kwa shida. Waendesha toleka wawili walitupa baiskeli wakamkamata tonton mabega. Papa alilazimika kuwaeleza kwamba huyo si mwizi. Wakamuuliza, sasa ni nani? Nilikuwa nimewakimbilia kwa nyuma, viatu mkononi, na nilimsikia papa akijibu kwamba ni mdogo wake, jogoo ni wake, na wote wawili wamechelewa nyumbani.

Tulimla jogoo siku ile ile kwa tantine, na lituma, ndizi za kuponda, na pondu, majani ya muhogo. Hakukuwa na hotuba. Maini yalikatwa vipande viwili, kimoja kwa huyu, kimoja kwa huyu, kama inavyotakiwa, na tonton akamwachia papa kipande kikubwa kisha akalalamika jioni nzima kwamba papa amekichukua. Mafuta ya mawese yalikuwa yameyeyuka, mamba ameshuka mpaka kitovuni. Wakwe wangu walikuja mara ya tatu, mbuzi wakabaki. Tonton alikaa kiti cha kulia, akatamka “tumepokea” kwa sauti iliyovuka avenyu tatu, na aliposhikwa na machozi alisingizia moshi wa jikoni.

Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi na kuishia hapo. Lakini kwa miaka mingi jambo lile lilinikaa. Tonton alipenda kulisimulia, mbele ya wageni, mbele ya watoto wangu: jinsi kaka yake alivyojishusha mbele ya Kabondo nzima, jinsi maneno yalivyotoka moyoni mwake. Nami ninachambua mboga, nimeinamisha kichwa. Nilijua yametoka wapi. Yalitoka nyuma ya pazia, kwa mwalimu mwenye hasira aliyetaka kuolewa. Papa alikuwa amesahau mstari, akapewa mwingine, akausema kama ambavyo angesema wowote ule. Nilikuwa nimemwibia tonton kesi yake, nikamlipa kwa msamaha wa kutunga, na wote walikuwa wanauishi kana kwamba ni wa kweli. Niliogopa siku papa atakapoliweka wazi, na niliona haya kila alipomwita tonton aje kula.

Papa sasa anakaa kwangu. Macho yamepungua, na mchana tunamtolea kiti uani. Mwezi uliopita msufi ulio nyuma ya shule ulipasuka matunda yake, na sufi ikawa inapita juu ya ukuta wetu, nyuzi chache chache, inatua kwenye kamba ya nguo na kwenye magoti yake. Mimi nilikuwa kwenye kibao, ninamenya ndizi za lituma. Papa akaanza kusema, bila kunitazama, kwa sauti ya ripoti:

“Bwana mpelelezi, mkono huu umebeba visu thelathini na maua mawili. Leo umebeba jogoo. Usiniulize ninatoka wapi. Niulize kama supu imepoa.”

Hakukosa hata neno moja. Mimi mwenyewe, niliyelala na lile daftari, nisingeweza kuusema mstari ule mzima. Kisu changu kilisimama ndani ya ganda.

Nilimuuliza ameukumbuka lini. Akasema hajawahi kuusahau. Aliujua tangu wiki ya kwanza, na siku ile ulikuwa umekaa tayari kwenye ulimi.

“Sasa kwa nini ulinitazama?” nikamuuliza. “Nilikupa neno mara tatu.”

Alitoa uzi wa sufi kwenye goti, akauachia upepo.

“Nilikuwa ninangojea ukasirike,” papa akasema. “Weye ukikasirika, unasemaka. Mimi peke yangu singeweza.”

Niliona mkono wake ukiingia mfukoni taratibu, ukatoka na leso, akajipangusa macho yake mabovu, na mimi nikapangusa yangu kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, ambao hautoki upesi.

Pikipiki ilizimwa nje ya geti. Kabla hata ya kubisha, tonton aliuliza kwa sauti kutoka barabarani kama supu imepoa. Papa akajibu kwamba bado, na mimi nikaongeza ndizi mbili.